Uondoaji wa nakala za faili zinazojirudia

Uondoaji wa nakala za faili zinazojirudia ni mbinu ya huduma za hifadhi ya wingu ambayo huwezesha data zilizo sawa kabisa kuhifadhiwe mara moja tu, hata kama zimepakiwa na watu wengi.

Namna inavyofanya kazi

Programu husoma faili na kukokotoa heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo. Jina la faili halihesabiwi. Kwa mfano, kanuni ya SHA-256 hutoa heshi ya biti 256 kwa faili yoyote, ndogo au kubwa. Heshi ikiwa imeshaandikwa katika orodha ya huduma, mfumo hauhifadhi nakala nyingine, bali huweka kielekezi cha nakala iliyopo. Mtumiaji mmoja akifuta faili yake, kielekezi chake tu huondolewa. Wengine hawapotezi kitu.

Faida

Tuseme walimu 40 wa Wilaya ya Tarime wamepakia mtihani uleule wa MB 5 kwenye huduma moja. Bila mbinu hii zingehitajika MB 200. Kwa mbinu hii zinatosha MB 5 pamoja na vielekezi vidogo. Ukaguzi ukifanyika kwenye simu kabla ya kupakia, walimu 39 wanaofuata huokoa muda na bando. Ukifanyika kwenye seva, bando hutumika kama kawaida, na anayenufaika ni mwenye huduma, kwa kupunguza diski na umeme.

Mipaka

Kufanana kwa macho si kufanana kwa data. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mchana kamera kwa kawaida zilipiga picha tatu mfululizo. Picha tatu za nyumbu yuleyule zina heshi tatu tofauti, hivyo zote hubaki. Picha moja iliyopakiwa mara mbili ndiyo hupunguzwa.

Kuna pia suala la usiri. Mwaka 2010 watafiti Harnik, Pinkas na Shulman-Peleg walionyesha kwamba mtu anaweza kugundua kama faili fulani tayari ipo kwenye huduma, kwa kuangalia tu kama anatakiwa kuipakia nzima.

Mwisho, data iliyobaki moja ikiharibika, wote walioitegemea huikosa. Kwa hiyo huduma makini huitunza katika diski zaidi ya moja, na mtumiaji hushauriwa kuweka nakala yake ya akiba mahali pengine.