Wingu la Kompyuta na Mkulima wa Kwetu

Siku mwalimu wetu wa kompyuta alipolitaja kwa mara ya kwanza jambo liitwalo wingu la kompyuta, mwenzetu mmoja aliyeketi nyuma aliuliza kama wingu hilo laweza kunyesha. Darasa zima lilicheka, na mwalimu pia. Lakini nikifikiri sasa naona swali lile halikuwa la kipumbavu. Sisi watoto wa Mbulu na Hanang tukisikia neno wingu, kwanza tunaliwaza shamba. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi katika gazeti letu, nieleze kwa kadiri ya ujuzi wangu wingu hili ni kitu gani, na lina shughuli gani na mkulima wa huku.

Kwanza yafaa jina lisitudanganye. Hakuna chochote kilicho angani. Wingu ni kompyuta nyingi mno, zilizopangwa rafu juu ya rafu ndani ya jumba lenye umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza joto, nazo hutumiwa na watu walio mbali kwa njia ya intaneti, bila watu hao kuzimiliki. Jina lilitoka kwa mafundi. Katika michoro yao walizoea kuuchora mtandao kwa umbo la wingu, kwa kuwa hawakuwa na haja ya kuonyesha yaliyomo ndani yake.

Mfano ulio karibu ni mashine ya kusaga. Kijijini kwetu hakuna nyumba hata moja iliyonunua mashine yake. Mama hujitwika debe la mahindi, huenda mashineni, hulipa kwa debe, na kurudi na unga. Mwenye mashine ndiye anayehangaika na dizeli, mikanda na fundi. Hali kadhalika, zamani ofisi iliyotaka kuhifadhi hesabu nyingi ilikuwa lazima inunue kompyuta kubwa na kuajiri mtu wa kuilinda. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi na nguvu ya kukokotoa, ukilipia ulichotumia tu, na kampuni nyingine zikafuata. Microsoft ilifungua majumba yake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua yake Cape Town mwaka 2020. Serikali yetu nayo ina Kituo cha Taifa cha Data, Dar es Salaam. Kutoka Katesh hadi Cape Town ni zaidi ya kilometa 3,500 kwa mstari ulionyooka, lakini habari inayosafiri kama mwanga ndani ya mkongo huenda na kurudi kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Hapa mzazi asomaye ataniuliza: mimi nina jembe langu na ng'ombe wawili wa kulimia, nina habari gani na Cape Town? Namjibu kwa heshima kwamba huenda jina lake limekwisha kuandikwa katika kompyuta za mbali, na yeye hana habari.

Natoa mfano wa mbolea ya ruzuku. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango huo mjini Mbeya. Msimu ule mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa Urea uliuzwa kwa shilingi 70,000, ambapo bila ruzuku bei yake ilipita 120,000. Ili kupata bei hiyo mkulima alipaswa kwanza kuandikishwa kijijini: jina lake, ekari zake, mazao yake, na namba yake ya simu. Habari hizo ziliingizwa katika daftari moja la kompyuta linalosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na mkulima akapata namba yake kwa ujumbe wa simu. Akifika dukani, wakala hulisoma daftari hilo kwa njia ya simu na kuthibitisha kwamba huyu ndiye. Kabla ya hapo, katika mpango wa miaka iliyotangulia, zilitumika vocha za karatasi, na karatasi hupotea, huloana, na huuzwa. Tena wakala wa Dongobesh hakuweza kujua kilichouzwa na wakala wa Haydom. Daftari lililo moja, linalosomwa na wote kwa wakati mmoja, ndiyo faida kubwa ya jambo hili. Mabingwa huenda wakabishana kama daftari la namna hiyo laitwa wingu kamili au la, lakini kwa mtu aliyesimama dukani akisubiri jina lake lionekane, kazi ni ile ile.

Sasa nieleze lililotupata sisi, na nasema mapema kwamba kosa lilikuwa letu wenyewe. Baba alipoandikishwa hakuwa na laini ya simu kwa jina lake. Alitoa namba ya kaka yangu mkubwa, maana ndiye aliyekuwa na simu nzuri. Mwezi wa Novemba 2023 mvua ziliwahi na kunyesha kwa nguvu, na kaka alikuwa amekwenda Mirerani kutafuta riziki katika machimbo. Ujumbe wenye namba ya baba ulikwenda kwenye simu ya kaka, na simu ilikuwa chini ya ardhi pamoja na mwenyewe. Baba alikwenda dukani mara mbili kwa miguu akarudi mikono mitupu, akidhani jina lake limefutwa. Siku zikapita kumi na mbili hata Mtendaji wa Kijiji akatufumbulia tatizo lilipo, na namba ikabadilishwa. Wakati huo ekari moja ilikuwa imekwisha kupandwa kwa samadi peke yake. Samadi si kitu cha kudharauliwa. Wazee wetu wa Kainam wamelima milimani kwa samadi ya ng'ombe wa zizini tangu enzi. Lakini samadi yetu mwaka ule ilikuwa kidogo, na mahindi ya ekari ile yalitoka ya manjano, yakabeba nusu ya yale ya jirani. Ada yangu ya mahitaji ya shule hutoka katika mahindi, kwa hiyo nakumbuka vizuri.

Nimesimulia hayo kwa sababu yaonyesha jambo ambalo vitabu vya kompyuta havilitaji sana. Wingu lilifanya kazi yake barabara: lilituma ujumbe mahali lilipoambiwa. Kilichokatika ni hatua moja tu, kati ya daftari na mwenye shamba.

Kuna matumizi mengine ambayo mimi nayapenda zaidi. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia Tanzania, wadudu wanaojificha ndani ya kikonyo cha mahindi na kukitafuna usiku. Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani, kikishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kilitengeneza programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima huelekeza kamera ya simu janja kwenye jani, na programu humwambia kama ni kiwavi huyo. Kabla ya mahindi, kazi ilianza na magonjwa ya muhogo, na picha nyingi zilizotumika kuifundisha kompyuta zilipigwa hapa hapa Tanzania.

Ajabu yake ni kwamba Nuru hufanya kazi hata pasipo mtandao. Mwalimu alitueleza hivi: mwanafunzi husoma miaka mingi katika maktaba kubwa, kisha hurudi kijijini akiwa hana vitabu, lakini ujuzi uko kichwani. Kuifundisha kompyuta kutambua majani kwahitaji picha maelfu na mashine zenye nguvu nyingi, na hapo ndipo kompyuta za mbali hutumika. Lakini yaliyokwisha kufundishwa huweza kubanwa yakaenea ndani ya simu. Kwa mtu anayelima bondeni ambako hata kupiga simu ni lazima upande kichuguuni, nadhani hiyo ndiyo njia iliyofikiriwa vizuri kupita zote.

Halafu kuna macho ya angani. Marekani imekuwa ikipiga picha za dunia kwa setelaiti za Landsat tangu mwaka 1972, na mwaka 2008 ilizifungua picha hizo zote bila malipo. Nchi za Ulaya zilianza kurusha setelaiti za Sentinel-2 mwaka 2015, nazo mbili kwa pamoja hupita juu ya shamba lile lile kila baada ya siku 5. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ulio jirani yake, usioonekana kwa macho yetu. Jani lenye njaa au kiu hufanya hivyo kwa uchache. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, kompyuta huchora ramani ya shamba na kuonyesha upande unaoteseka kabla mtu hajauona. Picha hizi ni nyingi na nzito kiasi kwamba kompyuta za shule yetu haziwezi kuzibeba hata za mwezi mmoja. Kwa hiyo picha hukaa kule kule, na mtu hupeleka swali lake na kurudishiwa jibu, kama mama na debe lake.

Nilifanya hesabu kidogo. Alama moja ya picha ya Sentinel-2 ni mraba wa mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Basi shamba la ngano la ekari 1,000 kule Basotu lina alama 40,000, na kwa alama hizo waweza kuona mengi. Shamba la kwetu la robo ekari la vitunguu saumu lina alama 10 tu, na nusu ya hizo zimeingia kwa jirani au kwenye mti wa mpakani. Macho ya angani humwona vizuri mkulima mkubwa. Mdogo humwona kama mtu anayesoma bila miwani yake.

Tena kuna kizuizi ambacho kingemfurahisha mwenzetu wa nyuma darasani: mawingu ya kweli huzuia picha. Wakati wa mvua, ambapo mazao yanakua na habari zinahitajika sana, Mlima Hanang hujifunika siku nyingi mfululizo. Zipo setelaiti nyingine, Sentinel-1, za tangu mwaka 2014, ambazo hutumia mawimbi ya rada na kupenya mawingu, lakini picha zake ni ngumu kuzisoma. Baada ya tope kuporomoka kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 na kufukiza nyumba na mashamba ya Katesh na Gendabi, picha za angani zilionyesha makovu marefu ya kahawia ubavuni mwa mlima. Lakini picha ya baada ya msiba si onyo, na sitaki msomaji adhani kwamba kompyuta za mbali zilimlinda mtu siku ile.

Kuhusu njia yenyewe ya kufikia wingu, tulipata somo tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipopata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Kitu kilichokatika baharini kilisikika hadi Mbulu. Ndiyo maana naona ni busara kwamba huduma ya M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo hupatikana pia kwa kubonyeza *152*00# katika simu ndogo ya tochi isiyo na intaneti.

Sasa swali ambalo mimi binafsi naliona zito. Daftari likiwa mbali, ni la nani? Katika miaka ya 1980 wanakijiji wa Mulbadaw, Hanang, walishtakiana na shirika la NAFCO juu ya ardhi iliyotwaliwa kwa mashamba ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Mahakama Kuu iliwapa ushindi wanakijiji, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Watu walioyajua malisho yao kwa majina walishindwa na kumbukumbu. Leo ekari zetu, mazao yetu na mauzo yetu yanaandikwa upya mahali tusipopaona. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huendesha minada ya kompyuta ambamo wanunuzi wa mbali huandika bei zao, na mbaazi ni miongoni mwa mazao yaliyouzwa hivyo. Mwenye hesabu za mashamba yote hujua mavuno kabla ya mwenye shamba kujua bei. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo humpa mtu haki ya kuziona habari zake na kutaka zirekebishwe. Lakini ili kurekebisha, sharti kwanza ujue kilichoandikwa.

Likizo iliyopita nilimwomba baba anionyeshe ujumbe wake wa usajili. Ulisema ekari tatu, naye analima mbili na nusu. Nusu nyingine ni ya shangazi yangu mjane, ambaye hajaandikishwa popote. Jumatatu iliyofuata tulikwenda wote watatu kwa Mtendaji, shangazi akiwa amefunga kitambulisho chake katika pindo la kanga. Baba sasa ana laini yake. Hata hivyo namba ya usajili ameiandika pia kwa mkaa nyuma ya mlango, chini ya tarehe za kupanda za miaka tisa.