Si mchezo wa simu, ni kazi ya habari

Na MWANDISHI WETU

WAZAZI wengi wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, Dandora na Huruma, wana lalamiko moja. Kijana amehitimu chuo cha uanahabari, karo imelipwa kwa taabu, na sasa anashinda ameinamia simu akidai yuko kazini. Baba, aliyezoea kumwona mwanahabari akiwa na daftari na kinasa sauti, hutikisa kichwa. Je, huu ni uanahabari kweli?

Naam, ni uanahabari. Magazeti, redio na vituo vya runinga siku hizi huwaajiri vijana kushughulikia kurasa zao za Facebook, X na TikTok pamoja na jumbe za WhatsApp. Mara nyingi hiki ndicho kibarua cha kwanza cha mhitimu. Hata hivyo, wengi hudhani kazi yenyewe ni kubandika habari na kuhesabu waliopendezwa. La hasha! Kiini chake ni kuusikiliza umma, na kupambanua ukweli na uongo kabla habari haijatoka kwa jina la gazeti.

Si jambo geni

Wakenya hawakuanza jana kuzungumza na vyombo vyao vya habari. Mwaka wa 1966, Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi cha 'Je, Huu ni Ungwana?' katika Sauti ya Kenya. Mtangazaji huyo, aliyefariki Februari 2025, alikuwa akipokea barua za wasikilizaji waliokerwa na tabia za watu. Waliokuwa wakizifungua barua hizo, kuzichagua na kuzijibu walifanya kazi ile ile anayofanya kijana wako leo. Tofauti ni kwamba barua ilichukua siku kadhaa kufika, ilhali video hufika kwa sekunde.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uliozua ghasia, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, Januari 2008. Wananchi walituma ripoti kwa arafa na intaneti kueleza kilichotokea kwao, nazo zikawekwa kwenye ramani. Mbinu hiyo iliyobuniwa na Wakenya ilienea hadi nchi za mbali.

Hapa Eastlands, vijana wa Korogocho walikuwa wametangulia. Mwaka wa 2006 walianzisha Koch FM ndani ya kontena. Masafa yake, 99.9 FM, yametumiwa pia na Pamoja FM ya Kibera na Ruben FM ya Mukuru kwa Reuben. Hayagongani kwa sababu mitambo yao ina nguvu ndogo, na kila kituo husikika kwao tu. Mtangazaji wa redio ya namna hii akikosea, msikilizaji hahitaji kuandika barua; humngojea mlangoni. Hakuna shule bora ya kumfunza mwanahabari kuwajibika kwa umma.

Matatu husema ukweli

Tuseme ukurasa wa gazeti umetumiwa video ya vurugu, na aliyeituma anasema ni Umoja asubuhi ya leo. Mhariri anaitaka upesi. Kijana aliyelelewa Umoja hutazama nyuma ya watu wanaokimbia, akaona matatu zimeandikwa 46. Magari ya Umoja huandikwa 35/60. Yale ya 46 huenda Kawangware, upande wa pili wa jiji. Isitoshe, barabara imekauka ilhali Nairobi imenyeshewa usiku kucha.

Kazi haijaisha. Humwandikia aliyeituma: Uliipiga wewe mwenyewe au ulitumiwa? Ulikuwa umesimama wapi? Una nakala ya awali? Halafu huchukua picha moja ya video hiyo na kuitafuta kwenye Google, kuona kama iliwahi kutokea siku za nyuma. Mwisho, huwapigia simu watu wawili wanaoishi hapo, wasiojuana. Majibu yakipishana, video inabaki simuni. Mwenda pole hajikwai.

Umuhimu wa hayo ulidhihirika usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lilipolipuka eneo la Mradi, Embakasi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kabla ya mapambazuko, video za moto zilizopigwa na wakazi zilikuwa zimeenea kote. Lakini taarifa za kwanza za serikali zilisema mlipuko ulitokea katika kampuni fulani, na baadaye ikabainika chanzo kilikuwa lori. Usiku kama huo, mtu anayejua njia za mtaa, na aliye na namba ya simu ya mkazi wa hapo, ni hazina kwa mhariri wake.

Heshima kwa wafu

Jambo la pili ni utu. Baada ya shambulizi la Riverside la Januari 2019, gazeti la Marekani, The New York Times, lilichapisha picha ya maiti. Wakenya walilishutumu vikali mtandaoni, na Baraza la Vyombo vya Habari likaliandikia barua. Funzo ni kwamba msomaji ana mdomo siku hizi. Jengo la Huruma lilipoporomoka Aprili 29, 2016 na kuua watu wapatao 50, kuna jamaa waliongoja siku kadhaa bila kujua hatima ya wapendwa wao. Ni ukatili mama kumtambua mwanawe kwenye simu ya jirani.

Machozi na mshahara

Kazi hii ina maumivu yake. Anayepokea picha hizo huziona zote, hata zile ambazo msomaji hataziona kamwe. Katika kazi jirani, ya kuchuja taarifa za Facebook jijini Nairobi, Daniel Motaung wa Afrika Kusini alizishtaki kampuni za Meta na Sama mwaka wa 2022, akidai kuathiriwa kiakili na aliyoyaona. Mzazi akimwona mwanawe amenyamaza mezani baada ya zamu, asikimbilie kumwita mvivu.

Kuna pia suala la malipo. Wengi huanza kwa kujitolea. Kabla ya kukubali kazi, kijana aulize: Nani analipia data? Zamu ya usiku inahesabiwaje? Nikitukanwa au kutishwa, nani atanitetea? Majibu yawe kwa maandishi. Na muda wa kujitolea uwe na kikomo kinachojulikana.

Kwa mwanafunzi, mwanzo si mgumu. Chagua jambo moja linalowakera majirani: maji yanayokatika, taka zisizozolewa, nauli inayopanda mvua ikinyesha. Waulize, andika waliyosema, hakikisha, kisha warudishie jibu. Fanya hivyo kila wiki kwa miezi mitatu, nawe utakuwa na kitu cha kumwonyesha mhariri. Mitandao huja na kwenda, lakini mtaa uliokulea utabaki kuwa chanzo chako cha kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao.