Namba ni ya Nani? Wanawake wa Gisenyi na Soko la Simu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mitandao ya kijamii ilivyoingia katika biashara ya mpakani hapa Gisenyi, wilayani Rubavu. Leo tuulize ushawishi wa mwanamke katika soko hilo umetoka wapi, na faida yake inaishia mkononi mwa nani.

Kuna mama muuza vitunguu ninayemwona kila nikipita asubuhi njia ya Petite Barrière, kivuko cha kwenda Goma, upande wa Kongo. Hutandika kitenge chini, akapanga vitunguu kumi hivi, vikubwa kwa vidogo, na kando yake akaweka kipande cha sabuni ili mteja akadirie ukubwa kwa macho. Hupiga picha moja tu, huiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, kisha huisogeza simu mdomoni na kurekodi sauti: Kiswahili kwa wateja wa Goma, Kinyarwanda kwa wa upande huu. Hutaja bei, na kasoro pia huitaja: hivi vimenyeshewa, usinunue vya kuweka. Nilimwuliza kama hajiharibii soko. Akanijibu kwamba mteja uliyemdanganya hununua mara moja, lakini uliyemwambia kweli hukuletea wifi yake na jirani yake.

Kampuni kubwa hulipa fedha nyingi kufundishwa jambo hilo. Yeye hakulipata kwenye simu. Wachuuzi wa mpaka huu, ambao wengi wao ni wanawake, wamekopeshana mali kwa neno la mdomo miaka mingi kabla ya mtandao. Simu imeongeza masikio tu, uaminifu ulikuwapo.

Mwezi Machi 2020 uaminifu huo ulipimwa. Mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na njia iliyokuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku ikawa kimya. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mama mwenye beseni la nyanya au la samaki wadogo waitwao sambaza hakuruhusiwa kuvuka. Wachuuzi wakalazimika kuunganisha mizigo yao ipakiwe pamoja, na mauzo yakapangwa kwa simu: nani anahitaji nini, nani atapokea ng'ambo, fedha itatumwaje. Aliyekuwa na wateja wanaomwamini aliweza kuuza bila kuonana nao. Aliyetegemea wapita njia peke yao alikula mtaji wake.

Basi ushawishi upo. Lakini ushawishi na umiliki ni vitu viwili, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini.

Huko Lomé, Togo, katika karne iliyopita, walikuwapo wanawake walioitwa Nana Benz, kwa sababu ya magari ya Mercedes-Benz waliyoyanunua. Waliuza vitenge vya Vlisco kutoka Uholanzi, na wao ndio waliovibatiza majina ya mafumbo, ya ndoa, wivu na fahari, mpaka mnunuzi akawa anaomba kitenge kwa jina lake. Kwetu Waswahili jambo hilo si geni: kanga huchaguliwa kwa maneno yake kama inavyochaguliwa kwa rangi. Ila akina mama wa Lomé hawakuishia kwenye kusifu nguo. Walipata haki ya kuwa wauzaji pekee wa baadhi ya mitindo, na ndiyo maana utajiri ulibaki kwao.

Mwangalie sasa Brownie Wise wa Marekani. Yeye ndiye aliyeufanya uuzaji wa vyombo vya plastiki vya Tupperware kuwa karamu za majumbani: mama anaalika majirani, anaonyesha bakuli, wanaagiza. Mwaka 1951 kampuni iliviondoa vyombo hivyo madukani na kutegemea njia hiyo peke yake. Mwaka 1954 picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Mwaka 1958 akaachishwa kazi, na kwa kuwa hakuwa na hisa hata moja, kampuni ilipouzwa mwaka huohuo kwa mamilioni ya dola hakupata kitu.

Nikirudi Gisenyi, mali ya yule mama wa vitunguu ni ile orodha ya wateja iliyomo ndani ya namba yake. Rwanda husajili laini kwa kitambulisho, na wako wanawake wanaofanya biashara kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, la kaka au la mtu aliyewauzia simu. Simu ikiibwa au nyumba ikigombana, mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha laini, pamoja na fedha iliyomo. Miaka kumi ya kujenga wateja huondoka siku moja. Tangu 1999 sheria ya nchi hii inamtambua binti kuwa mrithi sawa na kaka yake. Shamba anaweza kuliandikisha kwa jina lake. Na namba iandikwe vivyo hivyo.

Kwa hiyo, mama unayesoma makala hii, au kijana unayemsomea mama yako: wiki hii chukueni kitambulisho, nendeni kwa wakala, ulizeni laini ya biashara imesajiliwa kwa jina la nani. Kama si lake, ibadilisheni. Namba za wateja zinakilini pia kwenye daftari, likae nyumbani. Sehemu ya tatu itahusu matapeli wanaotumia picha za wachuuzi wa kweli, na namna ya kuwatambua.