Seti za kufuma: faida imo kwenye uzi, si kwenye boksi

MWANZA. Seti za kazi za mikono, yaani ule mfuko mmoja wenye uzi, sindano na karatasi ya maelekezo ya kufuma mdoli, pochi au kitambaa cha meza, zinamfaa mwenye duka dogo kuliko zinavyoonekana. Haziozi kama sangara, hazichukui nafasi, na mtaji wake unaanzia makumi ya maelfu ya shilingi. Hatari yake ni moja. Mwenye duka akizinunua zikiwa zimekwisha fungwa huko zilikotoka, anaweza kukaa nazo rafuni mpaka karatasi ipauke. Akizifunga mwenyewe, fedha yake haifi.

Kufuma na kudarizi si mambo mageni Kanda ya Ziwa. Vitambaa vya makochi vya kufumwa na mashuka ya kudarizi vimepamba sebule kwa miaka mingi, na shanga hazijawahi kukosa mnunuzi. Kilichobadilika ni mwanafunzi. Zamani binti alijifunza akiwa kando ya mama, shangazi au mwalimu wake, na uzi aliukuta nyumbani. Siku hizi anayejifunza anaweza kuwa karani wa benki, mama aliye kwenye likizo ya uzazi, mstaafu, au kijana aliyeona kazi hiyo kwenye simu na kutaka kuijaribu jioni hiyo hiyo. Hafumi ili auze. Anatafuta burudani.

Mtu huyo akishuka mjini anazunguka Makoroboi, eneo lililopata jina lake kwa koroboi, zile taa za mafuta zilizokuwa zikitengenezwa hapo kwa mabati chakavu. Dukani anaulizwa anataka uzi mnene au mwembamba, na kroshia ya milimita ngapi. Hajui. Anarudi nyumbani na uzi mnene na kroshia nyembamba, mkono unamuuma, na kesho yake kazi imefungiwa kabatini. Muuzaji amepata faida ya kroshia moja na kupoteza mteja ambaye angenunua uzi kwa miaka.

Seti humwondolea mgeni tatizo hilo. Humpa vitu vinavyoendana, kwa kipimo cha kumaliza kazi moja. Hicho ndicho anachokilipia, na ndiyo maana hukubali kutoa fedha zaidi ya jumla ya bei za vitu vilivyomo.

Biashara hii ina historia ya kupanda na kuanguka, na anayetaka kuingia aijue. Mwaka 1951 kampuni ya rangi ya Palmer, ya mjini Detroit, Marekani, iliingiza sokoni seti za kuchora kwa namba zilizobuniwa na msanii Dan Robbins, chini ya jina la Craft Master. Ndani yake mlikuwa na picha iliyogawanywa vipande vyenye namba, na vikopo vya rangi vyenye namba hizo hizo. Ziliuzwa zaidi ya seti milioni 12. Kabla ya muongo huo kwisha soko lilikuwa limeshiba na mauzo yameporomoka. Mnunuzi aliyemaliza picha yake aliitundika ukutani. Hakuwa na sababu ya kurudi kununua kikopo kimoja cha rangi.

Mfumaji hurudi, na hapo ndipo penye biashara.

HESABU YA MFANO

Tuseme mwenye duka anafunga seti 20 za kufuma pochi. Bei zifuatazo ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Uzi mzima Sh 3,000, kroshia Sh 1,000, sindano butu ya kufichia ncha Sh 500, karatasi ya maelekezo Sh 500, mfuko Sh 500, na kijana wa kufunga Sh 500. Seti moja inamgharimu Sh 6,000 na zote 20 ni Sh 120,000. Anauza seti Sh 10,000.

Akiuza seti 12 mtaji umerudi, na zilizobaki 8 ni faida tupu. Lakini tuchukue mwaka mbaya, auze 5 tu. Mkononi ana Sh 50,000. Zile 15 anazifungua: uzi anauuza rejareja kwa Sh 4,000 na kroshia kwa Sh 1,500, jumla Sh 82,500. Amepata Sh 132,500, na sindano bado anazo. Itamchukua muda, lakini mtaji haukufa.

Jirani yake aliyeagiza seti 20 zilizofungwa kiwandani kwa gharama hiyo hiyo ya Sh 6,000, naye akauza 5, ana Sh 50,000 na maboksi 15 yenye picha ya mdoli mmoja. Uzi uliomo ni vipande vya rangi tano, kila kimoja kidogo mno kuuzwa peke yake. Sh 70,000 za mtaji zimelala.

Mteja aliyefanikiwa kumaliza pochi yake akinunua nyuzi 4 baada ya hapo, kila mmoja ukiwa na faida ya Sh 1,000, amelipa faida sawa na ile ya seti aliyoanza nayo. Akinunua nyuzi 40 kwa ajili ya shuka la kitanda, seti ile inakuwa imesahaulika. Kwa hiyo swali la mwenye duka si seti ngapi zimeuzwa. Swali ni wateja wangapi wamemaliza kazi ya kwanza.

KUMALIZA KAZI YA KWANZA

Hapa ndipo wengi watakapokosea, kwa kuwa mgeni akipewa kazi kubwa huishia njiani. Uzi mwembamba mweusi ni adui wake, maana hawezi kuona tundu alilotoka wala anakokwenda, hasa usiku. Rangi iliyokoza kidogo au angavu, uzi wa unene wa kati, na kroshia ya milimita 4 hadi 5 humwezesha kuona kosa lake na kulifumua. Kazi yenyewe iwe ya jioni mbili tatu.

Karatasi ya maelekezo inastahili gharama kuliko mfuko. Seti nyingi za kutoka nje huja na Kiingereza au Kichina, na hata kwa anayejua Kiingereza kuna mtego: fundo ambalo maelekezo ya Marekani huliita kwa jina moja, ya Uingereza huliita kwa jina jingine, na jina lile lile likawa la fundo tofauti. Mgeni akichanganya karatasi ya huku na video ya kule, pochi hutoka kofia. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye michoro mikubwa, uliojaribiwa kwanza na mtu asiyejua kufuma kabisa, una thamani kuliko boksi la rangi nne.

Kisha lipo suala la mkupuo wa rangi. Uzi wa kiwandani hutiwa rangi kwa mikupuo, na lebo hubeba namba ya mkupuo wake. Nyekundu ya mkupuo mmoja na nyekundu ya mkupuo mwingine zinaweza kufanana dukani zikatofautiana juani. Muuzaji akifunga seti kwa mkupuo mmoja bila kuweka akiba ya uzi huo huo wa rejareja, mteja anayerudi kutaka uzi wa kumalizia atapewa rangi isiyoingiana na ya kwanza. Hatarudi mara ya tatu.

Kwa shanga, ukubwa huhesabiwa kinyume: namba 11 ni ndogo kuliko namba 8, nayo namba 8 ni ndogo kuliko namba 6. Anayeanza apewe 6 au 8. Shanga zina utamu wake kwa mfanyabiashara, kwani hununuliwa kwa uzito na kuuzwa ndani ya seti kwa kazi, lakini ukubwa usiolingana katika mfuko mmoja huharibu mstari, na mteja hulaumu mkono wake badala ya kulaumu shanga.

Uzi wenyewe una kichekesho chake. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Ziwa na kuchambuliwa huku huku, kisha nyingi huuzwa nje ya nchi kabla ya kusokotwa. Mwanza ina historia ya kiwanda cha nguo cha MWATEX, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mfumaji wa Nyamagana leo hushika uzi wa akriliki au wa pamba uliovuka bahari. Muuza seti hawezi kuligeuza hilo peke yake.

Anachoweza ni kutazama ziwani. Gugu maji, lililoanza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba bandari na mialo katika miaka ya 1990, lina shina refu linalosukika kuwa vikapu, mikeka ya meza na vifuniko vya chupa. Anayefikiria seti ya kusuka ya gugu maji aanze na mizani: zaidi ya asilimia 90 ya mmea huo ni maji, kwa hiyo kilo 10 mbichi hubaki chini ya kilo 1 ikikauka. Bei anayomlipa mvunaji kwa kilo mbichi iangaliwe kwa jicho hilo. Mashina yasiyokauka sawasawa huota ukungu ndani ya mfuko wa plastiki, na msimu wa mvua si wakati wa kuweka akiba. Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye daftari: mvunaji husimama majini penye konokono wa kichocho. Anayetaka mali hiyo kwa wingi ahesabu mtumbwi, buti ndefu na dawa.

Upo pia ususi wa Kisukuma wa masonzo, vikapu vinavyobana na vyenye michoro. Makumbusho ya Bujora, huko Kisesa kwenye barabara ya Musoma, ni mahali pa kuuona utamaduni huo. Seti ya masonzo ingempendeza mgeni mwenye begi dogo, lakini ujuzi huo una wenyewe. Msusi anayekubali kuchora hatua zake kwenye karatasi alipwe kwa kila seti inayouzwa, si soda na nauli ya siku moja. Na nchi nyingi hukagua majani makavu mpakani. Anayekusudia kusafirisha shehena aulize kwanza cheti cha afya ya mimea kwa TPHPA.

Wanaoagiza kutoka nje nao wana neno la kujua. Orodha ya ushuru wa forodha ina fungu maalumu, namba 63.08, kwa seti za kitambaa pamoja na uzi wake zilizofungwa kwa rejareja, za kutengenezea mazulia, vitambaa vya meza vya kudarizi na mfano wa hivyo. Seti ya uzi na kroshia isiyo na kitambaa haimo humo. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una madaraja manne, sifuri, 10, 25 na 35 kwa mia, na kosa la fungu linaweza kula faida yote kabla mzigo haujatoka bandarini. Wakala wa forodha aulizwe kabla ya kulipia oda.

Kwa vikundi, mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyosimamishwa Aprili 2023, ilirejeshwa mwaka 2024: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wafumaji watano kinaweza kuwa na kazi tatu kwa mpigo: kufunga seti, kufundisha Jumamosi, na kuuza uzi wa nyongeza. Darasa la Jumamosi hulipa zaidi ya tangazo.

Msimu wa kuuza ni likizo za shule, Juni na Desemba, wazazi wanapotafuta cha kuwashughulisha watoto, na mtaji wa Desemba unafaa uwe Kariakoo kabla ya Novemba kwisha. Kwa muuzaji wa jumla, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa kusubiri kivuko. Mzigo mdogo wa Sengerema au Geita unaweza kwenda asubuhi na fedha zikarudi jioni. Aanze na seti 20, rangi mbili, mkupuo mmoja.