Risasi ya chubwi: mzazi anayeyusha, mtoto anaumia

Ujumbe wa aina moja unatufikia mara kwa mara kutoka mialoni na kwenye vijiji vya pwani. Baba au kaka anapasua betri kuukuu ya gari au ya sola, anatoa risasi iliyomo, anaiyeyusha uani na kumimina chubwi za nyavu na mishipi. Je, ule moshi una madhara? Tulipoanza kuuliza wanaojua, tuligundua kwamba moshi ni sehemu moja tu ya tatizo, na huenda si kubwa kuliko zote.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa Kiswahili, risasi ni ile inayotoka bundukini na pia ni madini yenyewe, mazito, ya kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Wapo watu Marekani wanaomimina risasi za bunduki nyumbani kwa kutumia kalibu ya alumini, na hilo kule ni jambo la kawaida. Hapa kwetu kufanya hivyo bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo hatutalizungumzia. Lakini kazi ya moto ni ileile kwa mvuvi wa chubwi, na sumu ni ileile.

Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za selsiasi. Jiko la mkaa linafika hapo bila shida. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na risasi haiigandi. Ndiyo maana kipande cha alumini kilichochongwa tundu hufaa kuwa kalibu: unamimina, inaganda, unafungua, chubwi inadondoka. Wengine humimina kwenye tundu walilochimba mchangani. Urahisi huu ndio unaowadanganya watu. Kitu kinachoyeyuka jikoni kama mafuta ya kupikia hakionekani kuwa cha hatari.

Sasa angalia kinachotokea kwenye lile kopo. Risasi ikiyeyuka, juu yake hujitanda utando wa kijivu kama majivu. Mtu huukwangua kwa kijiko au kijiti na kuutupa pembeni. Utando huo ni risasi iliyoungana na hewa, na ukikauka unakuwa vumbi laini. Vumbi hilo hukaa mikononi, kwenye nywele, kwenye shati na kwenye udongo wa uani. Mvuke nao upo, hasa moto ukizidi hadi kopo likawa jekundu, na mvuke huo hauonekani wala hauchomi koo kama moshi wa kuni. Basi mtu anamaliza kazi, anajisikia mzima, anaingia ndani na kumbeba mtoto.

Mtoto anayetambaa hupeleka kila kitu mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ikiingia, sehemu yake hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Ubongo unaokua ndio unaoumia zaidi, na madhara hayo mara nyingi hayarudi nyuma.

Tunasema hivi kwa sababu limeshatokea. Katika mtaa mmoja wa Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja betri kwa miaka. Udongo ulijaa mabaki. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi walianza kuchota udongo huo kwenye magunia na kuuchekecha majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa hapo walifariki. Karibu zaidi na sisi, wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri, wakaenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda si sawa na kopo moja uani, hilo tunakubali. Lakini kiwanda angalau kina ukuta.

Ushauri wetu wa kwanza ni mfupi: usipasue betri nyumbani. Iuze nzima. Tindikali yake huchoma ngozi na macho, na ukiimwaga chini inaondoka na risasi kuelekea kisimani. Kwa chubwi, jiwe lililotobolewa au udongo uliochomwa umeshikilia nyavu za wazee wetu, na kwenye nyavu nyingi bado unafaa.

Najua yupo atakayesema mshipi wa kina kirefu hautaki jiwe. Basi kama ni lazima, fanyia kazi mbali na makazi, mahali pa wazi, ukiwa umesimama upande unakotoka upepo. Kopo na kijiko vya kazi hiyo visirudi jikoni kamwe, hata vikisuguliwa vikang'aa. Usitie risasi iliyoloa wala kalibu yenye maji: tone moja hugeuka mvuke ghafla na kurusha risasi ya moto usoni. Usile wala kuvuta sigara hadi unawe kwa sabuni. Nguo zibaki huko au zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Pakavu pasifagiliwe; palowanishwe kwanza. Na wale wanaobana chubwi ndogo kwa meno, tafadhali tumieni koleo.

Wengi hutuambia kwamba wakimaliza hunywa maziwa kuondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, na mtoto anayekula vizuri hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa, lakini hayaondoi iliyokwisha kuingia mwilini.

Dalili zake hufanana na za maradhi mengine: tumbo kuuma, choo kigumu, kupungukiwa damu, mtoto kuwa mkali au mzito wa kuelewa, na hali ikizidi, degedege. Ndiyo maana mtoto anaweza kutibiwa minyoo au malaria mara tatu bila nafuu. Kinachothibitisha ni kipimo cha damu, na si kila zahanati inacho, kwa hiyo huenda mkapewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Mkifika kwa mganga, msisubiri aulize. Mwambieni mapema kwamba nyumbani kwenu, au kwa jirani, huwa inayeyushwa risasi.