Nyuma ya Malango ya Oxford: Chuo cha Televisheni na Chuo cha Wafanyakazi

Mgeni anayeshuka garimoshi katika stesheni ya Oxford, mwendo wa kama saa moja kutoka London, huuliza swali lile lile walilouliza waliomtangulia: Chuo Kikuu chenyewe kiko wapi? Sisi tuliozoea Mlimani, Dar es Salaam, ambako mtu hupanda kilima akajua kwamba sasa yumo chuoni, tunadhani kila chuo kikuu kina mpaka wake na kibao chake. Oxford haina mpaka wa namna hiyo. Kuna vyuo zaidi ya 30, kila kimoja na lango lake, jiko lake, maktaba yake na hazina yake, navyo vimetawanyika katikati ya maduka, mabenki na vituo vya mabasi. Barabarani huoni ila kuta ndefu za mawe ya rangi ya asali na milango mizito ya mbao. Uzuri wote umefichwa ndani: uwanja wa mraba, majani yaliyokatwa sawasawa kama mkeka, na ngazi nyembamba zinazopanda kwenye vyumba vya wanafunzi na walimu.

Pengine ndiyo sababu televisheni iliupenda mno mji huu. Mlango uliofungwa ni nusu ya hadithi.

Ndugu msomaji, katika nchi ya Uingereza na nchi nyingine nyingi, watu ambao hawajawahi kukanyaga Oxford wanaijua mitaa yake kwa jina moja tu, la Inspekta Morse. Mtunzi wake, Colin Dexter, hakuwa askari wala mtu wa sinema. Alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kiyunani aliyelazimika kuacha darasa kwa sababu masikio yake yaliharibika, akahamia Oxford mwaka 1966 na kupata kazi katika ofisi ya mitihani. Kitabu chake cha kwanza alikianza akiwa likizo huko Wales, mvua ikinyesha mfululizo na watoto wakinung'unika ndani ya nyumba. Kilitoka mwaka 1975. Tarehe 6 Januari 1987 Morse aliingia kwenye televisheni ya biashara ya Uingereza, ITV (isichanganywe na ile ya Dar es Salaam, iliyoanza 1994), na hakutoka humo mpaka tarehe 15 Novemba 2000, baada ya filamu 33. Baadaye msaidizi wake, Sajini Lewis, alipewa mfululizo wake mwenyewe kutoka 2006 hadi 2015, na ujana wa Morse ukatengenezewa mwingine kutoka 2012 hadi 2023. Hivyo kwa muda wa miaka 36, kukiwa na mapumziko hapa na pale, taa na nyaya za wapiga picha zilikuwa kitu cha kawaida katika vichochoro vya mji ule.

Morse, aliyeigizwa na John Thaw, ni mtu mgumu. Anapenda bia, muziki wa opera na mafumbo ya maneno magazetini. Hapendi kuona damu, jambo la ajabu kwa mpelelezi wa mauaji. Anaendesha gari jekundu aina ya Jaguar. Katika vitabu vya mwanzo gari lake lilikuwa Lancia, lakini Jaguar ya televisheni ilipata umaarufu hata mtunzi mwenyewe akalibadili gari katika vitabu vyake. Dexter pia alipenda kujitokeza katika karibu kila filamu, mara amekaa baa, mara anapita njia tu, asiseme neno, na watazamaji nyumbani walishindana kumtambua.

JINSI MCHEZO UNAVYOPIGWA

Watu wengi hudhani kwamba chuo hufungua milango yake kwa heshima ya sanaa. Sanaa ipo, lakini ada ipo pia, na kalenda ndiyo inayoamua. Muhula wa masomo Oxford una wiki nane tu, na mihula ni mitatu kwa mwaka. Wiki zilizobaki, ambazo ni zaidi ya nusu ya mwaka, vyumba vingi huwa vitupu. Ndipo chuo hupokea mikutano, watalii na wapiga picha. Mapaa yaliyojengwa miaka 500 iliyopita huvuja kama mapaa mengine yote, na fundi wa mawe halipwi kwa sifa.

Mgeni anayetaka kufuata nyayo za Morse hugundua upesi kwamba kamera ni mjanja. Mpelelezi anaingia lango la chuo kimoja, anakata kona, na anatokea katika uwanja wa chuo kingine kilichoko mtaa wa pili. Watengenezaji hawakukaa Oxford muda wote. Kuwalaza watu wengi hotelini ni gharama, kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo ya ndani ya nyumba na ofisi yalipigwa karibu na London. Oxford ilipigwa kwa siku chache, ikaunganishwa baadaye mezani kwa mkasi na gundi ya mhariri.

Jambo jingine ni majina. Katika hadithi za Morse kuna chuo kiitwacho Lonsdale, ambacho hakipo duniani. Uwanja unaoonekana mara nyingi kwa jina hilo ni wa chuo cha Brasenose, kilichoanzishwa mwaka 1509. Ni chuo gani kingekubali Mkuu wake aonyeshwe kwa jina halisi akiwa mwongo, mzinzi au muuaji? Jina la kubuni ni ngao kwa pande zote mbili. Na hilo jina halisi la Brasenose lina kisa kizuri kuliko cha kubuni. Maana yake ni pua ya shaba, kutokana na kishikizo cha mlango chenye sura ya mnyama. Inasimuliwa kwamba wanafunzi waliohama kwa hasira zamani walikichukua kishikizo hicho mpaka mji wa Stamford. Mwaka 1890 nyumba ile ya Stamford ilipouzwa, chuo kiliinunua nyumba nzima ili kupata pua yake tu. Leo imetundikwa ukutani katika ukumbi wa chakula, juu ya meza ya wakubwa.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu chuo cha Christ Church, kwa sababu familia nyingi hupelekwa huko na watoto. Sinema za Harry Potter, za 2001 na 2002, zilipiga picha kwenye ngazi zake za mawe zinazopanda kuelekea ukumbini. Ukumbi wenyewe haukupigwa. Ulijengwa mfano wake katika studio. Hata hivyo wageni hulipa kiingilio, wakapanga foleni, wakaingia ukumbini na kusema wamekiona kile walichokiona kwenye sinema. Kwa maoni yetu hakuna ubaya. Ukumbi ni mzuri kweli, ulianza kujengwa kwa amri ya Kadinali Wolsey karne ya 16, na mtoto aliyevutwa na uchawi anaweza kurudi nyumbani ameona usanifu wa majengo bila kujua.

UWANJA WA MAJANI

Mahali wapenzi wa Morse husimama kimya ni chuo cha Exeter, katika mtaa mwembamba uitwao Turl. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1314. Ukishavuka chumba cha mabawabu unajikuta mbele ya uwanja wa mraba, na kushoto kanisa refu lililojengwa karne ya 19 kwa kuigiza kanisa moja maarufu la Paris. Ni juu ya majani haya kwamba Morse, katika filamu ya mwisho, alishikwa na moyo akaanguka, kwaya ikisikika kutoka kanisani. Alifia hospitali. Watu waliokuwa wamekaa naye sebuleni jioni kwa miaka 13 walilia kana kwamba wamefiwa na jirani. John Thaw mwenyewe alifariki mwezi Februari 2002.

Katika vyuo vingi vya Oxford mgeni haruhusiwi kukanyaga majani. Mara nyingi hata mwanafunzi haruhusiwi, isipokuwa mwalimu wa chuo. Kibao kidogo kinasema hivyo, na bawabu yupo kukikazia. Mabawabu hawa wanastahili makala yao wenyewe. Ndio wanaojua nani ameingia, nani hajarudi, ufunguo upi wa mlango upi. Na katika hadithi za upelelezi ndio shahidi wa kwanza kuhojiwa. Shahidi wa pili ni mfagiaji wa vyumba. Kazi hiyo ina jina lake la kikale pale Oxford, na katika hadithi za aina hii mtu anayefungua mlango asubuhi na ndoo mkononi ndiye anayekuta maiti. Hupiga ukelele, huhojiwa dakika mbili, kisha hutoweka. Anaishi mtaa gani, anapanda basi gani kurudi kwake, hatuonyeshwi.

Basi hilo mara nyingi huelekea mashariki, Cowley. Huko ndiko William Morris, fundi wa baiskeli, alikojenga ufalme wake wa magari, gari lake la kwanza likitoka mwaka 1913. Wazee wetu wanaoikumbuka Morris Minor katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanakumbuka kazi ya mikono ya Cowley; iliundwa huko kuanzia 1948. Kiwanda kipo bado, na sasa hutoa magari ya Mini. Ni Oxford ileile, lakini mtalii wa televisheni hafiki huko, kwa sababu kamera hupenda minara.

Na upande wa kaskazini kulikuwa na kitu ambacho mtunzi wa hadithi angeogopa kukibuni. Mwaka 1934 kampuni iliyojenga nyumba za kuuza ilikuta nyumba zake zimepakana na mtaa wa wapangaji wa halmashauri ya mji. Ikajenga kuta mbili kuziba barabara, zenye urefu wa zaidi ya mita mbili na vyuma vyenye ncha juu, ili wapangaji wasipite kwa wenye nyumba zao. Mama wa mtaa wa halmashauri alizunguka mbali na watoto wake kufika barabara kuu, ambayo ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Halmashauri ilizibomoa mwaka 1938, kampuni ikazijenga tena. Kuta za Cutteslowe zilibomolewa kabisa mwaka 1959 tu, baada ya halmashauri kununua ardhi zilipokuwa zimesimama. Leo pana kibao cha kumbukumbu.

CHUO CHA TOM MBOYA

Tumefika mtaa wa Walton, ambao tungemshauri msomaji yeyote mwenye nafasi ya kwenda Oxford asiukose. Huko mwaka 1913 lilijengwa jengo la Ruskin College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi: wachimba makaa, watu wa reli, wafumaji, waliotumwa na vyama vyao kuja kusoma uchumi na siasa. Hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu, ingawa kilikaa katikati yake. Mwaka 1909 wanafunzi wake waligoma, Mkuu wa chuo waliyempenda alipoondolewa, na ubishi mkubwa ulikuwa ni uchumi wa nani ufundishwe kwa mfanyakazi, wa Karl Marx au wa matajiri. Baadhi yao waliondoka wakaanzisha chuo chao.

Mwaka 1955 alifika Ruskin kijana wa miaka 25 kutoka Kenya. Baba yake alikuwa amefanya kazi katika shamba la mkonge. Yeye mwenyewe alikuwa bwana afya wa mji wa Nairobi kabla ya kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya. Jina lake Tom Mboya. Kwao hali ya hatari ilikuwa bado imetangazwa. Katika mwaka ule mmoja wa masomo aliandika kijitabu juu ya suala la Kenya, kilichotolewa London mwaka 1956 na dibaji ya Margery Perham, mwanazuoni mashuhuri wa Oxford wa mambo ya makoloni. Alirudi mwaka huohuo. Mwaka 1957 akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa Waafrika wote mjini Accra. Na 1959 akawa mstari wa mbele katika safari za ndege zilizowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Ruskin iliondoka mtaa wa Walton mwaka 2012, ikahamia majengo yake ya Headington, kilimani nje ya mji, na mwaka 2021 ikaunganishwa na chuo kikuu kimoja cha London. Na nani aliyelinunua jengo la wafanyakazi? Chuo cha Exeter, chenye yale majani alipoanguka Morse. Nyuma ya ukuta wa zamani pamejengwa mabweni na madarasa mapya, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Ukuta wa mbele wa 1913 umeachwa ulivyokuwa, na mgeni anayetoka katikati ya mji kwa miguu hufika hapo kwa muda wa kama dakika 10.