Mfanyakazi wa filamu wa kujitegemea

Mfanyakazi wa filamu wa kujitegemea ni mtu anayerekodi au kuhariri filamu na video kwa kupatana kazi moja moja, bila kuwa mwajiriwa wa kudumu wa kampuni, studio au kituo cha televisheni. Kazi ikiisha, mapatano nayo yameisha, na mhusika hutafuta kazi nyingine. Nchini Tanzania wapigapicha, mafundi sauti, mafundi taa na wahariri wengi hufanya kazi kwa namna hii. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyoanza, hasa kwa kijana wa Tabora na miji mingine ya njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, mbali na Dar es Salaam ambako filamu nyingi za Kitanzania hutengenezwa.

Kazi ya mapatano katika njia ya misafara

Kupatana kazi safari kwa safari si jambo geni Tabora. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walijulikana kama wapagazi wa misafara iliyopita kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Wengi wao walikuwa watu huru waliokubaliana ujira kabla ya kuondoka. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilogramu 32 hivi. Mbali na ujira, mpagazi alidai posho, kwa sababu safari ya miezi haiwezekani kwa njaa. Aliyeongoza msafara barabarani aliitwa kirangozi, na mara nyingi alikuwa mpagazi mwenyewe, mwenye ujuzi kuliko wenzake.

Kisa kimoja cha njia hiyo kinafaa kujulikana na kila anayeanza kazi ya kujitegemea. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kwenda kutafuta maziwa ya bara. Kiongozi wa msafara wao alikuwa Said bin Salim, na walilindwa na askari wa Kibaluchi. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Atkins Hamerton, aliwaahidi watu hao malipo wakifanya kazi vizuri. Msafara ulifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Lakini Hamerton alikuwa amekwisha kufariki mwezi Julai, msafara ukiwa ndiyo kwanza umeondoka pwani. Waliporudi Zanzibar mwaka 1859, Burton alikataa kulipa, akisema kazi haikufanywa ipasavyo. Balozi mpya, Christopher Rigby, aliandika malalamiko kwa serikali ya Bombay, nayo ikakubaliana naye. Burton akakemewa rasmi. Said bin Salim baadaye akawa liwali wa Unyanyembe, na ndiye aliyekuwa na cheo hicho Stanley alipofika Tabora mwaka 1871.

Tatizo la kisa hicho lina sehemu tatu. Aliyeahidi hakuwa yule aliyetakiwa kutoa fedha. Sharti la “wakifanya vizuri” halikuwa na kipimo. Na mwenye ahadi alipoondoka, hakuna aliyejihesabu kuwa mdaiwa. Yote matatu hutokea hadi leo, tena katika kazi ambayo vijana wengi wa Tabora huanza nayo, yaani video za harusi.

Harusi kama shule ya kwanza

Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo mafundi wengi wa mikoani hawakutoka katika vituo vya televisheni. Walijifunza kwenye harusi, sendofu, kipaimara na mahafali ya shule. Tabora kazi hizi huongezeka baada ya mavuno na mauzo ya tumbaku, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu, na hupungua mvua zinapoanza karibu na Novemba. Anayetegemea kamera peke yake hujikuta na miezi mitupu, na hilo ni vema lijulikane kabla ya kukopa fedha za kununua vifaa.

Harusi hufundisha kwa ukali kwa sababu hairudiwi. Pete ikivishwa wakati betri imezimika, hakuna wa kuomba maharusi warudie. Katika filamu ya kuigiza mwongozaji anaweza kusema “tena” mara kumi. Fundi aliyezoea harusi huingia huko akiwa tayari na betri za akiba, memori kadi tupu na mazoea ya kusikiliza sauti kwa hedifoni.

Malipo ya harusi kwa kawaida hutoka katika kamati. Mwenyekiti hupatana na fundi, mweka hazina hutoa kianzio, na salio husubiri michango iliyoahidiwa. Baada ya sherehe kamati huvunjwa. Fundi akija na video iliyokamilika wiki tatu baadaye, mwenyekiti humwelekeza kwa mweka hazina, mweka hazina kwa bwana harusi, na bwana harusi husema yeye hakupatana na mtu. Hapo ndipo Hamerton anapokufa mara ya pili.

Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu hutaka jina la mtu mmoja atakayedaiwa, aliye nje ya kamati, kwa mfano baba au kaka wa bwana harusi. Hutaka kianzio kinacholipa angalau gharama zao zote za siku hiyo, na salio litolewe kabla ya kukabidhi video kamili. Huonyesha kwanza nakala yenye maandishi yanayopita juu ya picha, ili mteja aone kazi ilivyo bila kuweza kuitumia.

Makubaliano yaandikweje

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo. Shida ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, kwa hiyo hata mazungumzo ya simu yanaweza kufuatiwa na ujumbe mfupi: “Kama tulivyokubaliana leo, nitarekodi siku moja, saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, na kukabidhi video ya dakika 60. Chakula na usafiri ni juu yenu.” Mteja akijibu “sawa”, tayari kuna maandishi ya pande mbili. Deni linalotokana na mkataba linaweza kudaiwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mtu hahitaji wakili.

Mambo yanayosahaulika zaidi ni idadi ya masahihisho na muda wa ziada. Mhariri asiposema kwamba bei inahusu masahihisho mawili, atafanya manane, na la nane litakuwa kurudisha alichoondoa katika la kwanza. Posho nayo itajwe wazi. Wapagazi wa zamani walilijua hili, na kijana anayekwenda kurekodi siku tatu Urambo au Sikonge kwa “tutaangalia huko huko” hajawazidi akili.

Ni vema pia kujua mpaka kati ya kujitegemea na kuajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili za mtu kuhesabiwa mwajiriwa, miongoni mwake kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kutumia vifaa vyake, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana anayeingia studio ileile kila siku na kuambiwa kwamba yeye ni “wa kujitegemea” anaweza kuwa na haki za mwajiriwa bila kujua.

Kazi katika kundi la filamu

Katika filamu yenye watu wengi, anayeanza mara chache hupewa kamera. Hubeba stendi, hukunja nyaya, hushika maiki ya fimbo au kibao. Kibao si pambo: mlio wake na picha ya kufungwa kwake humwezesha mhariri kulinganisha sauti iliyorekodiwa kando na picha. Maandishi ya kibao yakikosewa, mhariri hupoteza saa nyingi akitafuta sauti ya picha husika.

Kazi ya sauti ina mafundi wachache kuliko kamera, na kwa kijana asiye na mtaji ni mlango mzuri. Watazamaji huvumilia picha yenye kasoro, lakini mazungumzo yasiyosikika huwafanya waache kutazama.

Taa zina kanuni yake. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera huona. Ikirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata huwekwa 1/50 ili mistari isipite kwenye picha. Nje, Tabora ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua huwa karibu na utosi na macho ya mtu huingia kivulini. Mahojiano hufanywa asubuhi, alasiri au chini ya mwembe.

Uhariri na utunzaji wa faili

Mhariri huanza kwa kunakili. Video ya megabiti 50 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 22 kwa saa moja, hivyo harusi ya kamera mbili kwa saa kumi inakaribia gigabaiti 450. Faili huwekwa katika diski mbili tofauti kabla ya kufuta kadi, na ikiwezekana nakala ya tatu hukaa nyumba nyingine. Diski mbili ndani ya begi moja huibwa pamoja.

Baada ya hapo hutazama kila kitu, huchagua, hupanga mfululizo wa kwanza bila mapambo, kisha hupunguza. Sauti na rangi hufuata mwishoni. Programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa mwanzo. Kinachogharimu ni kompyuta yenye nguvu na, Tabora kama kwingineko, kifaa cha kulinda kazi umeme unapokatika.

Mafunzo, vibali na filamu za njia ya misafara

Anayetaka shule anaweza kwenda Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Njia iliyozoeleka zaidi hata hivyo ni kumfuata fundi mzoefu kwa msimu mmoja au miwili.

Njia ya misafara yenyewe ina hadithi zinazowavutia watengenezaji wa nje. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia, na Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, ni moja ya vituo vyake. Hata hivyo filamu ya Mountains of the Moon (1990) ya Bob Rafelson, inayosimulia safari ya Burton na Speke, ilirekodiwa Kenya. Ujira wa wabeba vifaa, madereva na wasaidizi ulibaki huko.

Kundi la nje likija, humtafuta mwenyeji anayejua barabara, viongozi wa vijiji na Kinyamwezi. Mwenyeji huyo ajue kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, na vibali hushughulikiwa na Bodi ya Filamu Tanzania. Jengo la Kwihara huhitaji ruhusa ya wanaosimamia mambo ya kale, stesheni huhitaji ruhusa ya shirika la reli, na kamera ya kurushwa angani huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kazi ya kufuatilia karatasi hizo ina bei yake, nayo hupatanwa kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.